Mama alivyonyamaza ndani ya gari

Jamani, leo nusura nimuue mama yangu mzazi.

Theluji ya jana hapa Buffalo ilifukia gari letu lote. Nikachimbua mlango mmoja, nikamkalisha mama ndani, nikawasha gari apate joto. Mimi nikaendelea na beleshi.

Alikuwa anaimba pambio zake za kanisani.

Mara kimya.

Nikadhani kasinzia. Ndipo nikakumbuka bomba la moshi. Bado lilikuwa limefukiwa na theluji, moshi wenye sumu unarudi ndani ya gari!

Nilimburuta nje kama gunia. Akatapika, akanitazama: "Mwanangu, kule kambi ya wakimbizi si nilikukataza kulala na jiko la makaa?"

Chimbueni bomba kwanza, nawaomba.

Sasa tuko hospitali, ameanza tena pambio. Ananisubiri niitikie.