Gogo la Panda la Verlene

Verlene Stiltner alikuwa na miaka sabini na sita, na hakuna aliyewahi kumwambia akae kimya akakaa. Alishona jinzi kiwandani miaka thelathini. Wasimamizi saba walikuja na kuondoka, yeye yuko pale pale kwenye cherehani yake. Kwa hiyo Rhonda, binti yake, aliposimama sebuleni Jumamosi asubuhi bila hata kuvua koti, akinyooshea kidole meko ya ukutani, alikuwa anajitafutia ugomvi.

"Mama, tazama ukuta ule ulivyo mweusi! Hayo magogo yatakuua."

"Miaka kumi na tisa hayajaniua."

"Baba alikuwepo kuyahudumia. Sasa wewe..."

"Sasa mimi nini? Malizia."

Rhonda alilikwepa swali. Alisema tu kwamba chumba kimepatikana mjini Knoxville kwenye nyumba ya wazee, kisafi, kina dirisha, na kwamba Jumatatu fundi atakuja kukata gesi ya meko.

Magogo yenyewe hayakuwa miti. Yalikuwa sita, ya udongo wa kuchoma, yamepakwa rangi hata mgeni angeapa ni mwaloni, na moto wa gesi ulipanda katikati yake kutoka kwenye bomba lenye matundu. Hoyt, marehemu mumewe, aliyafunga baada ya ule msimu wa barafu ambao umeme ulikatika siku tisa. Tangu Oktoba yalikuwa yakitoa masizi. Verlene aliyaona kabla ya mtu yeyote, na aliogopa, maana alijua moto mchafu si wa kuchezea. Ndiyo sababu wiki mbili nzima hakuwasha, akashinda na sweta mbili mwilini. Lakini kuogopa ni kitu kimoja, na kufungashwa kama vyombo ni kingine kabisa.

"Kesho ukitoka kanisani njoo ule," alimwambia. "Ukikuta masizi, hata chembe, begi nafunga mwenyewe. Usipokuta, jina la Knoxville lisitajwe tena humu ndani."

"Mama, una ubishi wewe!"

"Na wewe wako uliutoa wapi?"

Mlango ulipofungwa alifunga koki ya gesi, akatandika magazeti, akapiga magoti. Magoti yalilalamika, akayaambia yanyamaze. Alitoa gogo moja moja na kulisugua kwa brashi laini ya kupakia rangi, likiwa kavu, bila tone la maji, kama Hoyt alivyokuwa akifanya. Alifyonza vumbi kwenye bomba kwa mashine, akaufuta na ukuta masizi mpaka ukatakata. Kwenye kitundu cha hewa cha kile kimoto kidogo cha kuwashia, kinachotangulia kuwaka ili kiwashe moto mkubwa, alikuta utando wa buibui.

"Kumbe ni wewe, mshenzi!" alimwambia buibui, ambaye hakuwepo.

Alirudisha kila gogo pale alipolitoa, akafungua dirisha, akawasha. Kimoto cha kuwashia kilisimama imara, cha buluu. Verlene alicheka peke yake. Baada ya nusu saa kicheko kilikatika: tumbo la gogo la juu, lile lenye umbo la panda, kama tawi lililogawanyika miguu miwili, lilikuwa na ulimi mweusi wa masizi.

Alizima. Alikaa sakafuni na kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akakiona akilini kile chumba chenye dirisha. Halafu akajifuta pua kwa mkono wa sweta. Magogo yalipopoa alilipindua lile la panda alitazame vizuri. Chini yake kulikuwa na madoa mawili meupe, mahali lilipoegemea wenzake miaka yote ile, na hayakukaribia hata kidogo pale lilipokuwa limekaa sasa. Mtu alikuwa amelisimamisha, mguu wake mmoja ukaingia katikati ya moto, na moto unaogonga gogo hutoa masizi. Yeye hakuwa amelihamisha. Hoyt alikuwa kaburini.

Alilisugua tena, akalilaza, doa juu ya doa, akawasha. Safari hii aliuacha moto uwake saa mbili nzima, naye akiukodolea macho.

Jumapili Rhonda alikuta maharage mezani, mkate wa mahindi, na moto safi. Alipitisha kidole ndani ya meko, mbali na moto, kikatoka kama kilivyoingia. Akakunja uso.

"Lakini mbona umelilaza hilo la juu? Lilipendeza likisimama. Hata dalali alisema kwenye picha..."

Uso ukamwiva.

"Dalali," alisema Verlene.

"Mama, nilitaka tu kujua nyumba ingefika bei..."

"Oktoba. Nilipokuwa kanisani nashona mablanketi. Ukaja na dalali, ukapanga magogo yangu yapendeze, yakatoa masizi, halafu ukayatumia masizi hayo hayo kunitoa kwangu."

"Sikujua, Mama. Naapa sikujua kwamba ni mimi."

Verlene alimwamini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi: mtoto wake hakujua hata moto wa nyumbani kwao unakaaje. Alinyoosha kiganja.

"Ufunguo wangu."

"Mama..."

"Wa nyumba hii. Weka hapo, kando ya mkate."

Rhonda alihangaika na pete ya funguo mpaka ukucha ukavunjika. Aliuweka ufunguo kando ya mkate.

"Sasa vua koti ukae ule," alisema Verlene, akimpakulia maharage. "Siku nyingine utabisha hodi, na nikiwa nimependa, nitafungua."

Rhonda alivua koti.