Tulikuwa tunampeleka Baba kuzikwa Ukerewe, ndege ikatuona majambazi

Wakuu, salamu kwenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimesoma ule uzi wa droni hadi ukurasa wa mwisho. Wengine mnasifia teknolojia, wengine mnauliza ile familia iliyopigwa ikienda msibani ilikosa nini. Kuna mkuu kaandika kwamba aliyeko juu anaona kila kitu, kwa hiyo hapigi bila sababu. Hiyo komenti imenikaa kooni, ndiyo maana nafungua uzi.

Sitii chumvi. Nilikuwemo kwenye mtumbwi. Asiyeamini apite kimya kimya, sitagombana na mtu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mwanza. Wa umri wangu mnakumbuka hali ile: viwanda vinauzwa, watu wanapunguzwa kazi, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunagombania mapanki, ile mifupa inayobaki. Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani Nyakato. Walipompunguza akawa anashinda nyumbani Mkolani anatengeneza redio za watu, presha ikampanda, ikamchukua. Wazee wengi waliondoka hivyo.

Kwetu ni Ukerewe, kijiji cha ufukweni, mbele ya Nansio. Meli iliishia Nansio na kutoka pale hakukuwa na gari la uhakika. Kaka yangu Masatu alikuwa mvuvi, ana mtumbwi wa injini. Akasema yeye mwenyewe atampeleka Baba mpaka nyumbani.

Sasa hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Kwetu chombo kikibeba maiti kinafungwa matawi mabichi mbele, na jeneza nalo linafunikwa matawi, ili kila anayekutana nacho majini ajue ni msiba. Ni kama yale mnayoyaona kwenye magari ya msiba. Halafu chombo hicho hakisimami njiani. Wazee wanasema ukimsimamisha marehemu katikati ya maji, unamwacha hapo hapo. Kweli au uongo sijui, ila hakuna mtoto wa kwetu ambaye angesimama.

Kipindi hicho vita vya nchi jirani vilikuwa vimepamba moto, ikasemekana bunduki zinavushwa ziwani. Kwa hiyo kulikuwa na doria, na mara moja moja ndege ndogo ilipita juu kuangalia. Ya nani, sitaji. Mods msije mkanifungia uzi bure.

Tulitoka asubuhi. Mimi, Mama, shangazi, majirani wachache, na Masatu kwenye injini. Ziwa lilikuwa limetulia, shangazi anaimba taratibu. Ndege ikaja, ikatuzunguka, ikashuka kidogo, ikazunguka tena.

Mama akasema, "Hata wa angani wanamuaga baba yenu."

Tulicheka, wakuu. Na msiba wote ule, tulicheka.

Ndege ikaondoka. Baadaye ikatokea boti ya doria, mbali sana, mtu anapunga kitambaa tusimame. Masatu akanyoosha mkono kuwaonyesha matawi, akaendelea na safari. Alijua wameelewa, kwa sababu mtu yeyote wa ziwa hili angeelewa. Wale walikuwa wageni, wameletwa tu kikazi.

Walipiga wakiwa kule kule mbali. Sura zetu hawakuziona.

Masatu alilalia mkono wa injini, mtumbwi ukaanza kuzunguka. Risasi nyingine zilipita kwenye jeneza. Mama hakupiga kelele. Alivua kitenge, akamkandamiza nacho Masatu kifuani, akawa anamwambia, "Tulia mwanangu, tumekaribia." Hatukuwa tumekaribia popote. Masatu alifia mikononi mwa Mama kabla boti haijatufikia.

Walipofika wakafunua matawi. Mkubwa wao akaliangalia jeneza. Mwenzake mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ndege ilisema ni mzigo umefichwa kwenye majani." Mkubwa akamwambia afunge mdomo. Wakawasha injini, wakaondoka. Hata kutuvuta hadi nchi kavu hawakutuvuta.

Tulizika wawili. Kesho yake jirani akaja na redio, taarifa ya habari ikasema majambazi wawili wameuawa ziwani katika mapambano.

Wawili. Mnaelewa? Walimhesabu na Baba. Mtu aliyekufa kwa presha kitandani kwake Mkolani akawa jambazi aliyeuawa akipambana. Nina hasira na hiyo taarifa mpaka leo.

Kwetu aliyesababisha kifo, hata kwa bahati mbaya, anakuja msibani. Anakaa chini, anasema ni mimi. Atasemwa, watu watalia upya, lakini mwisho anapewa maji ya kunawa, anakula na wafiwa. Bila hivyo msiba haufungwi. Mama alitaka hicho tu. Kesi hakutaka, fidia hakutaka.

Nilizunguka ofisi za Mwanza mpaka soli zikaisha. Wa boti walifuata taarifa ya ndege. Wa ndege, nikaambiwa, aliripoti alichokiona, hakumwagiza mtu apige. Juu yao tena nikaambiwa hakuna aliyetoa amri. Wengi walinipa pole, na nadhani ilikuwa ya kweli. Aliyesema ni mimi sikumpata.

Baada ya miezi akaja bwana mmoja wa ofisini na magunia ya mchele. Mama akampa kiti.

"Wewe ndiye uliyempiga mwanangu?"

"Hapana, mama. Mimi nimetumwa."

"Aliyekutuma ndiye?"

"Na yeye ametumwa, mama."

"Basi rudi na mchele wako. Ukimpata ambaye hakutumwa, mwambie aje. Nitampikia mimi."

Yule bwana alifuta macho, akapakia magunia yake.

Mama hakufunga msiba. Ndugu walimsema, mchungaji alimsema, akabaki na nguo zake za msiba miaka nenda rudi. Akiingia mwanaume asiyemfahamu uani, hata muuza sabuni, Mama alisimama, akamwangalia usoni, halafu akakaa tena. Iliniuma sana kumwona akikaa tena.

Siku zake za mwisho aliniita. Nilidhani ataniachia laana nimpelekee mtu.

Akasema, "Akija mimi sipo, msimpige. Mpeni maji anawe, mpeni chakula. Amechoka yule."

Nilichojifunza ni kwamba kuona kutoka juu si kujua. Yule wa ndege alituona vizuri kabisa, matawi aliyaona, jeneza aliliona, akaliita mzigo. Sasa mnaoshabikia droni nawauliza kwa heshima: hiyo ikikosea, nani atakuja kukaa chini msibani?

Karibuni mchangie, matusi hapana.

Na wewe uliyekuwa kwenye ile ndege, au uliyeshika bunduki kwenye ile boti. Utakuwa mzee sasa, na huenda unasoma humu bila kukomenti. Mama alishatangulia, mimi nipo Mkolani. Sitakuuliza ulitumwa na nani. Njoo useme ni wewe, tule, tufunge msiba.