Mvuke wa Sauti ya Nne

Kwaya yetu ya Tunduma ilikuwa na katiba, na ndani ya katiba hiyo kulikuwa na kifungu kifupi ambacho kwa miaka mingi hakikumsumbua mtu: "Mwanakwaya asivute sigara." Kiliandikwa na waliotutangulia, zama ambazo sigara ilikuwa sigara, na mvutaji ulimjua kwa harufu kabla hajakufikia. Mimi nilikuwa katibu. Mchana nauza mchele sokoni, jioni za mazoezi naandika nani kaja na nani hakuja. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu sauti yangu, kama mwalimu wa kwaya alivyoniambia kwa upole, "inapendeza zaidi kwenye maandishi."

Sauti ya nne ilimtegemea mtu mmoja. Alikuwa wakala wa forodha, kazi yake kushinda kwenye foleni ya malori akihangaikia karatasi za mizigo inayovuka kwenda Zambia na Kongo. Alikuwa na shingo nene na kifua kipana, na akishuka chini kabisa katika wimbo, vioo vya madirisha ya kanisa vilitetemeka, na wale wa sauti ya tatu walijisikia wana baba. Lakini kazi ya kusubiri malori ilikuwa imemfundisha sigara, na sigara ilikuwa imemfundisha kikohozi. Kwa ajili ya kwaya akajaribu kuacha. Akashindwa. Akajaribu tena. Mwenyekiti alikuwa akimwita pembeni kila baada ya muda, wanazungumza, wanaomba, na anarudi ametubu, ananukia pipi ya mnanaa.

Basi alasiri moja ya Jumamosi, miaka ile simu za kupangusa zilipoanza kuingia mifukoni mwa watu, mwalimu alitupa mapumziko nami nikazunguka nyuma ya kanisa kufuata maji ya bomba. Nikamkuta wakala wetu ameegemea ukuta, wingu jeupe limemzunguka kichwa kama mtu aliyefunua sufuria ya wali. Lakini halikunuka sigara. Lilinukia pipi, zile nyekundu za watoto.

"Kaka, unavuta?"

"Sivuti, dada katibu. Najifukiza."

Akanionyesha. Kilikuwa kitu kama kalamu nene, nchani kina taa ya buluu iliyowaka kila alipokinyonya. Alikinunua kwa dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa akitoka na mzigo Afrika Kusini, pamoja na kichupa cha maji yake. "Hakina moto," akasema, kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto. "Hakina majivu. Hakina moshi, huu ni mvuke tu. Unakichaji kama simu. Katiba inasema nisivute sigara. Hii sigara iko wapi?"

Sikupata nafasi ya kutafuta jibu, kwa sababu harufu ile ilikuwa imeshatutangulia ndani. Tuliporudi, mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya kanisa akinusa hewa.

"Nani anakula pipi kwenye mazoezi?"

Huyo mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Alipenda maneno ya sheria kama wengine wanavyopenda nyama. Alipoelezwa jambo lenyewe hakukasirika, uso ulimng'aa. Aliitisha kamati palepale, tukakaa kwenye mabenchi ya mbele: yeye, mimi, mwalimu wa kwaya, na mtunza hazina wetu, mama mmoja mtu mzima wa sauti ya pili, mzaliwa wa Momba. Mama huyu alitumia ugoro. Kikopo chake kidogo alikifunga kwenye pindo la khanga, na kila mwanakwaya alijua, lakini katiba ilisema kuvuta, naye alikuwa ananusa. Kwa hiyo siku ile alimtetea wakala kwa moyo wake wote.

"Tusome kilichoandikwa," akasema. "Kimeandikwa sigara. Tukianza kuongeza ambavyo havikuandikwa, tutafika wapi?"

"Tutafika kwenye pindo la khanga," mwalimu akanong'ona, na mimi nikainamia karatasi zangu nisicheke.

Mwenyekiti akaona afadhali tupate neno la kitaalamu. Bwana afya alikaa jirani na kanisa, akaitwa, akaja na kandambili zake. Watu wa mabucha walimwogopa mjini pale, lakini mbele ya kile kitu alionekana kama sisi tu. Akakigeuza huku na huku.

"Ndani kuna tumbaku?"

"Hata jani moja halimo," wakala akajibu.

"Unakiwasha kwa moto?"

"Kwa chaji."

Bwana afya akakuna kidevu. "Sheria ninayoijua mimi inazungumzia tumbaku na bidhaa zake. Kuvuta mbele za watu, kuwauzia watoto, hayo yote yamo. Lakini waliokaa kuiandika hawakuwa wameona kalamu ya namna hii. Nikikukamata, nitaandika umefanya nini? Umechaji?"

Kisha akakisoma kile kichupa, herufi zake ndogo kama chawa. "Nikotini," akasema polepole. "Aa. Hii ndiyo inayomshika mtu kwenye sigara. Asili yake ni tumbaku."

"Basi ni tumbaku!" mwenyekiti akapiga benchi.

"Mzee wangu," wakala akasema, "mtindi ni ng'ombe?"

Hata mwenyekiti alionekana kulifurahia swali. Bwana afya ndiye aliyejibu, akimrudishia kitu chake: "Mtindi si ng'ombe. Lakini ukiniumiza tumbo, nitamtafuta mwenye ng'ombe." Akasimama. "Nitauliza Chitete, wilayani. Chitete nao watauliza juu. Na barabara ya Chitete mnaijua. Ninyi mna katiba yenu, msinisubiri mimi."

Hatukumsubiri. Juma lililofuata mwenyekiti alikuja na kifungu kipya, akakisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya raha yake mwenyewe: "Ni marufuku kwa mwanakwaya yeyote, awapo katika shughuli za kwaya, kutoa moshi, mvuke, ukungu au kitu chochote kifananacho na hivyo, kwa kupitia mdomo au pua, kwa namna yoyote ile."

"Na chafya?" mwalimu akauliza, akimtazama mama mtunza hazina.

"Chafya si ukungu," mama akajibu, na alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Kifungu kikapita. Wakala alikisikiliza hadi mwisho, akakunja midomo kama mtu anayehesabu, akaomba nimnakilie.

Mwezi wa saba tulialikwa Itaka, kwenye mkutano wa kwaya. Tulikodi fuso, tukajifunika turubai na vitenge, tukaondoka Tunduma kabla hakujapambazuka. Anayezijua nyanda zile za Mbozi mwezi wa saba hahitaji kuambiwa. Baridi ya huko inakushika masikio kama mwalimu wa zamani. Tulipofika jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya mibuni, majani yamejaa umande mweupe, na wenyeji wetu wamejipanga barabarani kutupokea. Desturi ni kwamba mgeni anashuka akiimba. Tukashuka, tukanyoosha majoho, mwalimu akatoa sauti, nasi tukafungua vinywa.

Wingu likatoka. Vinywa vyote vya sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu vilifuka kwa pamoja kama jiko la kuni mbichi, mvuke ukapanda juu ya vichwa vyetu mweupe na mzito.

Sauti ya nne haikuimba. Wakala wetu alikuwa amefumba mdomo kwa mkono mmoja, na mwingine ameunyoosha juu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema kwa kupitia vidole, "naomba mwongozo."

"Mwongozo wa nini?" mwenyekiti akauliza kwa ukali, na kila neno likatoka na wingu lake.

"Mzee, unavunja katiba. Mdomo na pua."

Nilimwona mwenyekiti akivuta pumzi ajibu, akakumbuka kwamba lazima aitoe, akabaki ameibana, macho yamemtoka. Wasichana wa sauti ya kwanza walianza kucheka, kicheko kikashuka sauti ya pili, kikafika kwa mwalimu ambaye alilazimika kuushika mlango wa fuso. Wenyeji wakatutazama, nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Tulianza upya ule wimbo, tukashindwa, tukaanza tena. Hatimaye tulikaribishwa chai ya moto hivyo hivyo, bila kumaliza ubeti, na mwenyekiti aliinywa ameupa mkutano mgongo.

Sisi tungemaliza hapo, tukafuta kifungu, tukamwachia wakala kitu chake. Kamati nzima ilikuwa imekubaliana hivyo kwa macho tu. Lakini mchana, baada ya kuimba kwetu, ambako tuliimba vizuri na jua limeshapasha, wakala alitundika koti lake kwenye mti karibu na ghala la kahawa akaenda kusalimia watu. Chakula kilipokuwa tayari, mama mtunza hazina akatumwa kuwaita wasichana. Nilimfuata kwa sababu nilikuwa na orodha ya sahani.

Tuliwakuta nyuma ya ghala, wanne wa sauti ya kwanza, wadogo kabisa katika kwaya, wakipokezana ile taa ya buluu. Mmoja wao alikuwa akipuliza juu, macho ameyafumba.

"Tamu!" alikuwa akisema. "Kama juisi! Hebu lete tena."

Mama hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja, wakakiweka kile kitu humo, wakapita mbele yetu wakitazama chini. Kisha akaenda hadi alipokuwa wakala, tayari amenawa mikono, akakiweka mkekani karibu na sahani yake ya wali.

"Mwanangu, wasichana walikuwa nacho."

Wakala akakitazama. "Mama, mimi sikuwapa. Haki ya Mungu."

"Najua hukuwapa. Walikitaka wenyewe. Hilo ndilo ninalokwambia." Akakaa karibu naye, akafungua pindo la khanga mbele ya watu wote, jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya, akatoa kikopo chake. "Mimi hiki ninacho tangu wewe hujazaliwa. Kibaya, kinanuka, kikinikamata nalia machozi na makamasi. Hakuna binti hata mmoja aliyewahi kuniomba. Wakiniona nakifungua wanakimbia. Chako kinanukia pipi, baba. Watakufuata nacho mpaka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Wakala alikuwa na mabinti wawili nyumbani, wa umri ule ule. Alikula wali wake polepole, kile kitu kikiwa mkekani.

Tulipokuwa tunarudi, alikaa jirani yangu kwenye fuso, juu ya tairi la akiba. Tulipokuwa tumepita Vwawa ndipo aliposema, "Dada katibu, uniandikie na hili. Tangu nimekipata sijagusa sigara. Mke wangu analala bila kuamshwa na kikohozi. Mimi sikuwa natania tu."

"Najua, kaka."

"Basi wasije wakakiandika kama vile hakina jema."

Kwenye kikao kilichofuata nilisema maneno yake kama alivyoyasema. Safari hii kifungu hakikuandikwa na mwenyekiti peke yake. Tulibishana jioni nzima, na kikatoka kwa maneno ya kawaida mpaka mwenyekiti akasikitika: mwanakwaya asitumie tumbaku wala kitu chenye nikotini, kwa kuvuta, kunusa, kutafuna au kujifukiza, kwenye mazoezi, safarini wala akiwa na sare, na kitu hicho asimpe kijana wala asikiache mahali kijana atakiokota. Neno "kunusa" liliongezwa na mama mtunza hazina. Mwalimu alitaka kumshukuru, mama akamkatiza: "Katibu aandike, wewe usinishukuru. Nyumbani kwangu ni kwangu."

Jibu la Chitete, hadi naacha ukatibu, halikuwa limefika. Bwana afya alipita sokoni siku moja kununua mchele, akaniuliza kama naweza kumpa nakala ya kifungu chetu. Nikampa. Sijui alikipeleka wapi.

Wakala alikitumia kitu chake nyumbani, barazani, mabinti wakiwa shule, kwa sheria ambayo mkewe aliitunga bila kikao. Miezi ikapita, yule dereva wa Zambia akahamishiwa njia nyingine, kichupa kikaisha. Wote tuliogopa atarudi kwenye sigara. Naye aliogopa, alikuja mazoezini kwa wiki kadhaa ana uso wa mtu anayeumwa jino. Lakini hakurudi. Alianza kununua karanga. Alizitafuna kwenye foleni ya malori, alizitafuna nyuma ya kanisa, tumbo likamtoka mpaka joho likabidi liongezwe kitambaa ubavuni. Sauti yake ilishuka chini zaidi ya zamani, na sijui kama ni mapafu au ni karanga.

Mama mtunza hazina naye, bila ugoro wake kwa saa zote za mazoezi, akawa mkali. Alisahihisha sauti ya pili, alisahihisha ya kwanza, siku moja alimsahihisha mchungaji. Wakati wa mapumziko alikuwa akitoka kwenda kusimama nyuma ya kanisa karibu na wakala, yeye mikono nyuma, mwenzake anatafuna, wote wawili wakitazama malori yaliyosimama barabarani hadi kule kwenye kilima. Nilipita pale na ndoo yangu ya maji, nikawauliza wanafanya nini.

"Tunatii sheria," mama akasema, bila kugeuza kichwa, na wakala akammiminia karanga kiganjani.