Nilimpima baba koti la herufi za jina lake akiwa usingizini, na sasa ninaogopa kila simu ya nyumbani

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Hii story sitaitia chumvi, maana hata bila chumvi bado inanitoa jasho.

Mzee wangu ni mkulima kule Khwisero. Mwaka huu alikuwa anastaafu uzee wa kanisa baada ya kutumika miaka mingi, na mimi kama firstborn nikaona nimtafutie zawadi yenye jina lake.

Si mnajua siku hizi kila kitu kinaandikwa jina. Wallet, mshipi, kalamu, kikombe.

Lakini kumchagulia mwanaume wa umri ule ni kazi ngumu. Wallet hana haja nayo, vitu vyake vyote vinakaa kwa mfuko wa ndani wa koti. Kikombe chake kimevunjika mkono na hataki kusikia habari ya kingine. Kalamu angeipoteza kabla ya ibada kuisha.

Nikaamua koti. Jeusi, zito, na herufi tatu za jina lake zimedariziwa kwa uzi mweupe juu ya mfuko wa kifuani. Herufi nikazichora mwenyewe kwa karatasi ili fundi aone mtindo ninaotaka.

Fundi wa mjini akasema nimletee vipimo. Nikawaza, nikimwambia mzee asimame nimpime, surprise imeisha.

Basi Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mzee amejinyoosha kwa kochi anakoroma, nikachukua kamba ya katani. Bega hadi bega. Bega hadi kifundo cha mkono. Bega hadi magoti. Kila kipimo nikafunga fundo.

Kuinua macho, Senje amesimama mlangoni.

Senje ni dada mkubwa wa mzee, mjane, anaishi bomani kwetu. Aliangalia kamba, akaniangalia mimi, akarudi jikoni.

Kwetu mtu akifa, kuna anayetumwa na kamba kumpima alivyolala, ndipo fundi achonge sanduku. Hilo ninalijua tangu utotoni. Lakini naapa halikunijia kichwani hata kidogo kwamba ndilo nililokuwa nikifanya, kwa baba yangu, akiwa anapumua.

Jioni nilirudi mjini. Vipimo vya kamba nilivinakili, kamba nikaiacha mezani. Ile karatasi ya herufi nilikuwa nimeshaipiga picha, nikaisahau kochini.

Wiki mbili baadaye mama akapiga simu asubuhi. Mzee ameanguka zizini akikamua, mdomo umeenda upande, amekimbizwa hospitali.

Nilifika wodini. Mzee amewekewa dripu, macho wazi lakini maneno hayatoki. Senje amekaa upande wa pili wa kitanda.

"Huyu atoke hapa," alisema bila kupaza sauti. "Alimupima ndugu yangu na kamba akiwa amelala. Kamba ninayo. Na karatasi ya jina ya musalaba wa kaburi pia ninayo."

Nikajaribu kueleza habari ya koti. Hata mimi mwenyewe nikijisikiliza nilisikia kama uongo.

Firstborn, shamba, baba ameanguka. Unganisha mwenyewe. Kijiji kilikuwa kimeshaunganisha: uchawi.

Kesho yake mama akaniambia kwa simu, "Usikuje nyumbani kwanza, mwanangu. Vijana wanaongea vibaya hapa sokoni." Maneno kama hayo tunajua yanaishia wapi. Kuna boma si mbali na letu lililochomwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Nilikaa mjini siku kumi na moja. Pikipiki ikisimama nje ya geti, ninazima taa.

Na hayo siyo mabaya zaidi. Mabaya zaidi ni kwamba nilianza kumwamini Senje. Nilichukua koti kwa fundi, nikalitundika nyuma ya mlango, na kila nikiziangalia zile herufi nyeupe naona kaburi. Nikalifunika na shuka. Mimi huyu, niliyesoma hadi chuo cha Sigalagala.

Mzee aliporuhusiwa, alinipigia mwenyewe. Sauti nzito, ulimi mzito.

"Kuja na hiyo nguo."

Nilikuta wazee wanne wa ukoo wamekaa sebuleni. Senje ameweka kamba na karatasi mezani. Nikaeleza kila kitu, nikatoa koti.

Mzee alishika kiti, akasimama, mama akitaka kumsaidia akamkataza. Akaingiza mkono mmoja. Ule mwingine ulichukua muda mrefu.

"Dada," akamwambia Senje, "umewahi kuona maiti inajivalisha koti?"

Wazee wakacheka. Kesi ikaishia hapo, chai ikaletwa. Senje hakucheka, na mpaka leo chakula nilichobeba mimi hagusi.

Mimi pia sikucheka, wakuu. Vipimo nilivichukua kwa mkono wangu na fundi alivifuata sawasawa. Lakini mabega ya koti yalikuwa yameanguka, na mikono ilifunika vidole. Mwezi mmoja tu, na mwili wake ulikuwa umepungua hivyo.

Nikamnong'oneza kwamba nitalirudisha kwa fundi lipunguzwe.

"Wacha hivyo," akasema. "Nitakula, nitalijaza."

Somo nililopata: zawadi ya jina ni nzuri, lakini mpime mtu akijua na akiwa amesimama. Surprise nyingine zibaki kwa watoto. Na kama kwenu kuna miiko, usiseme hukuikumbuka, watu hawatakuamini.

Sasa ni miezi mitatu. Uchawi siuogopi tena. Ninaogopa mikono ya lile koti. Nikifika nyumbani ndiyo ninayoangalia kwanza, na Jumapili iliyopita bado ilikuwa inafunika vidole.

Kama kuna mtu hapa baba yake alianguka hivi halafu akarudisha mwili, tafadhali aandike hapa chini. Hata mstari mmoja. Nitausoma.