Neno Pembeni ya Kipimo

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani amesimama mlangoni, kitambaa mkononi, akilinganisha nyuzi tatu kwenye mwanga wa jua. Ndani kuna kioo kirefu cha wateja. Akipita mbele yake, anatazama chini.

Miezi minane iliyopita alikuwa amesimama hapahapa.

“Mteja akaniambia, ‘Mama, uzi huo wa njano umefanana na macho yako.’ Nikacheka. Yeye hakucheka.”

Kabla ya hapo alikuwa akichoka mno, viungo vinauma, ngozi inawasha. Lawama zote akakitupia kiti chake cha kushonea. Macho yalipogeuka njano, akanunua miwani myeusi, na mafundi wenzake wawili wakaanza kunong’ona kwamba mama anapiga mtungi. Pombe hajawahi kuionja.

Hospitalini alitolewa damu, kisha kwa sindano kipande kidogo cha ini. Daktari akamweleza kwamba kinga ya mwili, inayopaswa kupigana na wadudu, imeligeukia ini lake. “Ni kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba,” fundi anakumbuka. Ini huvimba polepole, pengine miaka, bila kelele, huku makovu yakijipanga. Chanzo hasa hakijulikani. Ugonjwa huu hauambukizi, na dawa za kuituliza kinga hiyo husaidia, bora mtu awahi na asiziruke.

Kisha akaulizwa kama kwao kuna mwingine mwenye macho ya njano.

“Nikasema hapana,” anasema, akikunja kitambaa ambacho tayari kimekunjwa. “Nilimdanganya daktari kwa aibu.”

Kila fundi hapa ana daftari la vipimo, na pembeni huandika neno la kumkumbusha mteja: bega moja chini, anapenda mifuko. Miaka miwili iliyopita mdogo wake alikuja kushonewa gauni. Mikono imekonda, kiuno kimeongezeka inchi sita, macho njano. Fundi alimuuliza anamaliza chupa ngapi kwa siku.

“Akajibu, ‘Sinywi, dada.’ Basi. Mimi nikaandika ‘chupa’.”

Siku ya kuchukua gauni, wenzake walilifungua daftari na kumwita kwa neno hilo mbele ya wateja. Fundi naye alicheka. Mdogo wake aligeuka akaondoka, hajarudi tena. Gauni lingali nyuma ya mlango.

Wiki iliyopita shemeji yake alipiga simu kusema tumbo la mkewe limezidi kujaa. Ndipo fundi akarudi kwa daktari na kusema kweli. Akajibiwa kwamba huenda ni ugonjwa uleule, huenda ni mwingine, maana ndugu wa damu wako hatarini zaidi kidogo kuliko watu wengine. Lakini tumbo lile halingoji, apimwe upesi. Mara nne amebonyeza namba ya mdogo wake, mara nne akakata kabla haijaita.

Jana aliwaeleza wenzake kila kitu. Mmoja, wanayemwita Pindo, alisimamisha cherehani.

“Tulicheka wote, mama. Ukienda, nami nimo.”

Wanaondoka kesho asubuhi kwenda kwa mdogo wake. Fundi ameshaivua miwani, na kwenye mkoba ameweka cheti cha daktari, daftari na futi ya kupimia. Gauni analiacha.

“Lile lilikatwa kwa kipimo cha dharau. Nitamwomba radhi, nimpeleke hospitali. Akipona na akiniruhusu, nitampima upya. Pembeni sitaandika kitu.”