Mawe niliyoyatupa kando

Leo nimebomoa kaburi la mtoto.

Sikujua ni kaburi, lakini nimelibomoa.

Mnajua niko na kile kidude cha mkononi, cha kuweka ratiba na namba za simu, chenye GPS. Wikendi huwa tunakitumia kwa mchezo wa kutafuta vikopo ambavyo wenzetu wameficha porini. Leo kilinipeleka nyuma ya Kitengela, kikasema nimebakisha mita sita. Mbele yangu palikuwa na rundo la mawe.

Nikaanza kuyatupa kando. Hata nilikuwa napiga mluzi.

Mama mmoja akaja na mbuzi wake, akasimama.

"Unatafuta nini kwa mtoto wangu?"

Nikamwonyesha kioo cha kidude, kana kwamba kingenitetea.

"Pole, mama. Sikujua."

Hakunigombeza. Aliinama akaanza kurudisha mawe, nami nikamsaidia. Nikiweka jiwe vibaya, alikuwa analitoa na kuliweka mahali pake. Alikumbuka kila moja.

Kikopo kilikuwa kwa nguzo ya seng'enge, hatua chache tu. Nilikiona nikiondoka. Sikukigusa.

Sasa niko nyumbani, na sikuuliza hata jina la mtoto. Niambieni ukweli: nirudi kesho, ama nitamwongezea uchungu?