Safu ya Migongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na ufagio. Msimamizi wa nyumba ile ya kale, nje kidogo ya mji wa Tabora, alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ufagio uache nje. Humu utafagia ushahidi."

Akaniingiza katika chumba cha mawe walimolala watu wa misafara, akanifundisha kusoma kuta. Weusi wa juu ni masizi. Michirizi ya manjano ni mvua iliyopita kwenye mavi ya popo. Unga mweupe karibu na sakafu ni chumvi: ukuta hunyonya maji ya ardhini, maji yakikauka chumvi inabaki. Mwisho akanionyesha madoa ya kahawia, yanayong'aa kama mpini wa jembe, yamejipanga ukuta mzima.

"Kaa chini, Kulwa. Egemea."

Nikakaa. Doa likaishia mabegani mwangu.

"Jasho na mafuta ya migongo," akasema. "Watumwa au wapagazi, sijui. Na wewe usije ukajifanya unajua."

Hivyo ndivyo nilivyowaeleza wageni waliokuja kuitazama nyumba ile miaka yote. Msimamizi wa pili hakuingilia. Wa tatu alinisikiliza mara moja tu, akaniita pembeni.

"Mzee Kulwa, sema ni damu. Wageni wanataka damu."

"Damu haikai hivi, bosi."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ndiyo maana siwezi kusema."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka huohuo nilikwenda Ziba kumzika mke wangu, Maria, nikakaa matanga kwao. Niliporudi kazini, harufu ya saruji ilinipokea mlangoni. Chumba chote kilikuwa kimepigwa plasta, na mchora vibao ametia juu yake safu ya madoa mekundu kwa brashi.

"Pole na msiba, mzee," akasema bosi. "Umeona tulivyokupunguzia maneno?"

Hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Nilikuwa nimetoka kumfukia mtu ninayemjua jina, tukamlilia. Nikakuta wamefukiwa wasiojulikana majina, na mafundi wanapiga miluzi.

Nikamwambia ukuta wa mawe na udongo haupumui chini ya saruji. Akajibu kwamba mimi ni mlinzi, si mhandisi. Mvua zikaja, maji yakakosa pa kutokea, plasta ikabanduka. Nilikimbilia chumbani nikidhani nitaiona migongo. Ilikuwa imeng'oka na plasta, imebaki nyuma ya vipande, imesagika. Bosi akaamuru vipande vizibe mashimo njiani, pale gari lake linapopita. Ukuta ukapigwa saruji upya, na madoa mekundu yakachorwa tena.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, bosi alinipa saa ya ukutani, akanitaka niseme machache. Nilisema hivi: "Ninyi vijana mnaobaki, mgeni akiuliza, mwambieni palikuwa na migongo tukaiharibu. Rangi hii ni ya dukani." Hakuna aliyepiga makofi. Bosi alitazama simu yake.

Nikaingia chumbani peke yangu, nikakaa chini, nikaegemea mahali palepale. Saruji ilikuwa baridi. Nilipoinuka, shati lilikuwa limejaa unga mweupe mgongoni, maana chumvi ilikuwa imeshaanza kutoka tena. Nilitembea nalo hivyo hivyo hadi nyumbani Gongoni, bila kulipangusa.